Kumpima punda mgeni kabla ya mbio za Lamu

Kila zinapokaribia mbio za punda Lamu, iwe ni zile za Maulidi ya Mfungo Sita au za tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida huangukia Novemba, ubishi huanza mabarazani: nani mwaka huu? Bingwa wa mwaka jana hana siri, mbio zake watu wameziona. Kazi ni kwa punda mgeni, yule ambaye hajawahi kusimama kwenye mstari wa kuanzia, na ambaye sifa zake zote zinatoka kinywani mwa mwenyewe.

Kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi, mtazamaji hupata karatasi yenye jina la farasi, umri wake, uzito atakaobeba na mpandaji wake. Kule Uingereza, farasi ambaye hajashinda mbio za kuruka viunzi kabla ya msimu kuanza hutengewa mbio za wageni wenzake, na viunzi vyenyewe vina kimo kinachojulikana. Lamu mgeni hutupwa katikati ya mabingwa, karatasi hakuna, na viunzi havijengwi na mtu. Viunzi vyetu ni dimbwi lililobaki baada ya maji kujaa, kamba ya mashua iliyokatiza njia, lundo la mchanga lililoshushwa jana, kivuli cha bendera, na mtoto anayekimbilia upande wa pili kumfuata nduguye. Kwa hiyo anayempima mgeni kwa kasi peke yake amepima nusu tu.

Haya si maelezo ya kuchezea kamari. Ni ya mwenye punda anayejiuliza kama amwingize au amwache mwaka mwingine, ya kijana anayetafuta punda wa kumpanda, na ya yeyote anayependa kubishana akiwa na hoja.

Kwanza, ijue njia

Waulize wanaosimamia mbio zinaanzia wapi na kuishia wapi, kwa sababu njia inaweza kubadilika. Kisha itembee kwa miguu, saa ile ile ambayo mbio zitakimbizwa. Barabara ya pwani ina bahari upande mmoja na nyumba upande mwingine, na umati husimama pande zote, kwa hiyo upana unaouona asubuhi ya kawaida sio upana atakaoukuta punda. Angalia pako wapi pagumu, pako wapi pana mchanga, pako wapi maji hutuama. Angalia jua litakuwa usoni au mgongoni, maana vivuli virefu vinavyokatiza njia humsimamisha punda kuliko watu wanavyodhani.

Jambo moja husahauliwa sana: zizi la punda liko upande gani wa mwisho wa mbio? Punda anayelala mtaa wa Langoni akikimbizwa kuelekea Langoni ni mnyama mmoja. Akikimbizwa kutoka Langoni ni mwingine kabisa. Bingwa ameshazoea. Mgeni bado anadhani anarudi nyumbani au anapelekwa kubeba mawe, na atakimbia kulingana na dhana hiyo.

Mtazame akiwa kazini

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Siku ya mbio mgeni atakuonyesha woga wake tu. Ukitaka kumjua, mtazame wiki mbili tatu kabla, siku ambazo hakuna anayemtazama. Bahati nzuri Lamu hatufichi punda. Mzigo mwingi wa mji bado unapita mgongoni mwao: mchanga, simiti, mawe, boriti, magunia ya unga. Kaa karibu na gati jahazi linapopakua na utamwona kila mmoja alivyo.

Tazama anavyofanya akikutana na kitu kipya. Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka husimama, huganda, hufikiri. Watu huuita ukaidi, lakini mnyama yule anapima hatari, na hapa ndipo mgeni hupoteza mbio: akisimama kwa pumzi tano tu, wenzake wamekwisha. Kwa hiyo usihesabu ni mara ngapi anasimama, hesabu anachukua muda gani kuamua. Yupo punda ambaye hufika kwenye dimbwi, huinamisha kichwa, hunusa, kisha hupita na hasimami tena kwenye dimbwi hilo. Huyo anafundishika. Yupo mwingine ambaye dimbwi lile lile humsimamisha asubuhi, adhuhuri na alasiri. Huyo mwache abebe mchanga.

Tazama kelele. Pikipiki ikipita nyuma yake masikio yanafanya nini? Sikio moja likigeuka nyuma na jingine likabaki mbele, amesikia na anaendelea na kazi yake. Yote mawili yakilala nyuma na mkia ukabanwa, hiyo ni hofu au hasira. Siku ya mbio kutakuwa na matari, zumari, vigelegele na vipaza sauti, na hayo hayafanani na kelele za kila siku. Kama mwenyewe ana busara, atampitisha karibu na ngoma za harusi mara mbili tatu kabla. Muulize kama amefanya hivyo. Jibu lake litakueleza na mwenye punda ni mtu wa namna gani.

Tena tazama anatembea na nani. Punda hufanya urafiki wa wawili wawili, na wakishazoeana humtafuta mwenzake anapotengwa. Mgeni ambaye rafikiye naye ameingizwa mbioni, na rafikiye ni mzoefu, ana faida ambayo hakuna lishe inayoweza kuinunua: atamfuata. Lakini kama rafikiye ameachwa zizini akilia, usishangae mgeni wako akigeuza shingo kabla ya kufika nusu ya njia.

Omba ruhusa, kisha umguse

Punda wa mtu haguswi hivi hivi. Toa salamu kwanza.

"Asalam alaykum, ami. Waniruhusu nimtazame huyu?"

"Wa alaykum salam, mwanangu. Mtazame, lakini usimwendee nyuma."

Na kweli usimwendee nyuma. Macho yake yako kando ya kichwa, anaona pande kwa upana, lakini nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso haoni. Mwendee kwa ubavu, kwenye bega, ukizungumza.

Umri hujulikana kwa meno ya mbele. Jozi ya katikati ya meno ya ukubwani hutoka karibu na miaka miwili na nusu, jozi ya pili mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, na punda wengine huchelewa kidogo kuliko farasi. Kama meno ya pembeni bado ni ya utotoni, huyo hajakomaa mifupa hata kama anaruka kama mbuzi. Mimi singempandisha mtu mgongoni mwa punda huyo kwa mbio, na nikiombwa kuchagua namtoa. Mgeni mzuri ni wa miaka mitano hadi kumi na mbili hivi: mwili umetimia na bado ana pumzi.

Manyoya yapite haraka. Punda aliyeogeshwa baharini na kusuguliwa anang'aa, na hiyo ni sifa ya aliyemsugua. Mabaka meupe juu ya mabega ni kovu za mizigo ya zamani na hayamzuii kukimbia.

Kidonda kibichi ni jambo jingine. Pitisha mkono taratibu juu ya uti wa mgongo, kifuani kamba inapopita, na chini ya mkia, kwa maana kamba za nailoni hukata hapo na manyoya huficha. Akijikunja au kushusha mgongo ulipomgusa, papo hapo mwili unauma. Punda wa namna hiyo hapimwi tena, anaondolewa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi kwa sababu ya ugonjwa au kidonda. Tiba nayo haijawa mbali na mji huu: shirika la The Donkey Sanctuary kutoka Uingereza lilianza kazi ya kuwatibu punda wa Lamu mwaka 1987, na kizazi kizima cha wenye punda kimekua kikijua dawa ya kidonda si majivu.

Unono upime kwa kiganja. Mbavu ziguswe kwa urahisi bila kuonekana kwa mbali. Tumbo kubwa lisikudanganye, huenda ni nyasi au minyoo. Shingo iliyotuna mafuta na kuegemea upande ni dalili ya kunenepa kupita kiasi, na mafuta hayo hubaki hata punda anapokonda kwingine.

Miguu

Chunguza kwato moja moja. Kwato za punda ni nyembamba na zimesimama wima kuliko za farasi, kwa hiyo usiseme ana kasoro kwa sababu hafanani na farasi wa pichani. Kasoro ni ufa unaopanda juu kuelekea manyoya, ukwato mmoja ulio na joto kuliko mitatu mingine, harufu ya uozo chini, au ncha iliyorefuka hadi kifundo kinalala nyuma. Uliza zilikatwa lini. Wiki moja au mbili kabla ni vizuri. Zilizokatwa jana, tena zikakatwa fupi, zitamuuma kwenye njia ngumu.

Sasa mwombe mwenyewe amtembeze mahali pagumu, palipo sawa, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Kamba ikivutwa, ushahidi wote umepotea. Kwanza atembee, kisha aende matiti, yaani mbio za polepole za hatua fupi, akija kwako na akiondoka. Tazama kichwa. Mguu wa mbele ukiwa unauma, kichwa huinuka mguu ule mbovu unapokanyaga, na hushuka mguu mzima unapokanyaga. Wengi hukosea hapa, huona kichwa kimeshuka wakafikiri mguu uliokanyaga ndio mbovu. Ni kinyume chake. Akiondoka, tazama nyonga. Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande huo hupanda na kushuka zaidi ya ya pili.

Kisha fumba macho usikilize. Mlio wa kwato kwenye saruji unapaswa kuwa sawasawa, mapigo yanayofanana. Pigo moja likiwa jepesi kuliko mengine, fungua macho utafute ni la mguu gani.

Ninasisitiza haya kwa sababu punda ni mvumilivu kupita kiasi. Farasi mwenye maumivu utamjua kwa mbali. Punda huendelea kula, huendelea kubeba, na mwenyewe anaapa kwamba mnyama ni mzima. Haapi uongo, hajaona tu. Kuchechemea kidogo kwa punda ni jambo kubwa.

Mwendo na pumzi

Asubuhi ya maji kupwa, ufuo kuelekea kijiji cha Shela, kusini mwa mji, huwa mgumu na mpana, na ndipo vijana huwanoa punda wao. Ukienda kutazama, usivutiwe na anayepiga shoti, yaani mbio za kasi kabisa, kwa hatua hamsini kisha akarudi kwenye telki, mwendo wa kutembea upesi, kama anatoka sokoni. Punda kwa kawaida hapendi kupiga shoti muda mrefu. Wa kumtafuta ni yule anayeshika matiti ya haraka bila kuyavunja, akaingia shoti anapoambiwa, na akaenda moja kwa moja. Mstari wake mchangani utakueleza: nenda ukatazame nyayo. Nyayo zilizopindapinda kuelekea majini na kurudi ni za mnyama atakayekimbia njia ndefu kuliko wenzake siku ya mbio.

Pumzi ihesabu akiwa ametulia, ukitazama ubavu unavyopanda na kushuka. Punda mzima aliyetulia huvuta pumzi mara ishirini hivi kwa dakika, ingawa joto la Lamu huweza kuiongeza. Baada ya kukimbia hesabu tena kila baada ya dakika chache. Idadi inapaswa kushuka mfululizo. Ikikaa juu huku pua zimepanuka na kivuli kipo, hajaandaliwa. Mfinye ufizi kwa kidole kisha uuachie: weupe urudi kuwa wa waridi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mkavu wenye kunata unaonyesha hakunywa maji ya kutosha, na kasoro hiyo inarekebishika kesho, mradi mwenyewe aambiwe leo.

Kuna jambo la dume na jike ambalo wageni kutoka Nairobi huliuliza huku wakicheka, lakini lina uzito wake. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hufungua na kufunga kinywa kama anatafuna hewa, huku amelaza masikio. Akiwekwa mstarini mbele ya dume asiyehasiwa ambaye ni mgeni, dume huyo hatakimbia mbio mlizopanga ninyi.

Kijana aliye juu

Mgeni nusu ni yeye, nusu ni mpandaji wake. Huku hakuna tandiko. Kijana hukaa nyuma, karibu na nyonga, na hujishikilia kwa miguu na usawa wa mwili. Uzito ukiwa nyuma, kiuno cha punda ndicho kinachobeba, kwa hiyo kijana mzito juu ya punda mwenye kiuno kirefu na chembamba ni tatizo hata kama wote wawili ni hodari.

Tazama mikono yake. Anayevuta kamba kila hatua anamwambia mnyama asimame na aende kwa wakati mmoja. Tazama fimbo pia. Nimeona mara nyingi mgeni anayepigwa akibana mkia, akipinda mgongo, akipunguza mwendo, na kijana akizidisha. Bingwa anaweza kuvumilia mpandaji mbaya kwa kuwa anajua mwisho uko wapi. Mgeni hajui. Ukipewa kuchagua kati ya mgeni mwenye kasi aliyepandwa na kijana aliyekutana naye juzi, na mgeni wa wastani aliyepandwa na yule anayemnywesha maji kila asubuhi, chukua wa pili bila kufikiri sana.

Kuwapanga

Usianze kwa kutafuta mshindi. Anza kwa kutoa. Toa wenye vidonda, toa wanaochechemea, toa ambao hawajakomaa. Waliobaki wapange kwa utulivu wao, kisha kwa mpandaji, na kasi iwe ya mwisho. Wengine watakuambia umeanza nyuma mbele. Waache.

Tuseme wageni ni watatu. Wa kwanza ni wa rangi ya moshi, kutoka Shela, hatari kwa kasi ufuoni, meno ya pembeni yameshatoka, lakini mjini huja kwa nadra na hajapata kubeba mzigo katikati ya watu. Wa pili ni wa kahawia, amejaa misuli, anabeba mawe kutoka gatini, ila akienda matiti kichwa huinuka kidogo mguu wa kulia wa mbele unapokanyaga. Wa tatu ni mdogo, mweupe, wa kubeba mchanga, kasi yake ya kawaida, na umemwona akipita kando ya bodaboda na harusi bila kugeuza sikio zaidi ya mara moja.

Wa kahawia anatoka kwanza, na mwenyewe aambiwe kwa adabu, pembeni, si mbele za watu. Kati ya waliobaki, wengi watamchukua wa Shela. Mimi ningeuliza mbio zinakwenda upande gani. Zikielekea kusini, upande wa kwao, na umati ukiwa mdogo, anaweza kuwashangaza hata mabingwa. Zikianza kusini kuja katikati ya mji kwenye ngoma na bendera, ningemweka mweupe mbele yake, na ningetarajia mweupe amalize nyuma ya mabingwa wawili watatu. Kwa mgeni hayo ni matokeo mazuri. Tena kama kijana wa yule wa moshi ndiye anayelala naye zizi moja, ningewasogeza wakaribiane.

Dakika za mwisho kabla ya kuanza, tazama mstari. Punda kunya na kutikisa masikio ni kawaida. Anayezungushwa zungushwa na vijana watatu wakimsukuma ameshashindwa. Mgeni asimame nyuma kidogo ya mzoefu, si pembeni kabisa mwa umati, apate wa kumfuata mkanyagano wa mwanzo ukipita.

Na mbio zikiisha usiondoke na umati. Ngoja umhesabu pumzi akiwa kivulini, uandike alisimama wapi na kwa sababu gani. Kesho yake mpitie zizini kabla hajafungwa mzigo, umwombe mwenyewe amtembeze hatua ishirini kwenye saruji, kamba imelegea. Akichechemea, apumzishwe na mganga wa mifugo aitwe. Akitembea sawasawa, muulize mwenyewe kama mwakani atamwingiza tena, ili uanze mapema kumtazama gatini.